Thamani ya Anguko: Hukumu ya Watazamaji Usukumani na Hukumu ya Majaji Barafuni

Katika kila shindano la sanaa ambayo chombo chake ni mwili wa mtu mwenyewe, liko swali ambalo waandaaji hulazimika kulijibu kabla ya ngoma kupigwa au muziki kufunguliwa, nalo ni hili: mchezaji akianguka, anguko lake lipimweje? Laweza kuhesabiwa kuwa deni, likakatwa kwenye jumla ya alama zake bila kujali mengine mema aliyoyafanya, au laweza kuachwa ndani ya onyesho zima, likahukumiwa kwa kadiri lilivyoliharibu onyesho hilo. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako mashindano ya ngoma za Wasukuma yamerithiwa kwa vizazi kadhaa, jibu la asili ni hilo la pili. Na katika mchezo wa kuteleza kwa sanaa barafuni, ambamo mtu mmoja au wawili huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli na kucheza kwa kufuata muziki juu ya sakafu ya barafu, jibu ni la kwanza, tena kwa hesabu inayofika hadi sehemu ya mia ya pointi. Mifumo hii miwili haijapata kukutana uwanjani, lakini kwa kuwa ngoma nyingi za Kanda ya Ziwa siku hizi huchezwa pia mbele ya meza ya majaji wenye karatasi za alama, ipo haja ya kuitazama kwa pamoja kabla karatasi hizo hazijaamua, bila mtu kukusudia, ni ngoma ya namna gani itakayobaki.

Mashindano ya ngoma Usukumani hushika kasi mavuno yanapokwisha, kati ya Juni na Agosti, wakati mahindi na mtama vimekwisha kuingizwa ghalani, pamba imeuzwa au inasubiri soko, na kazi ya jembe haijarudi. Vikundi viwili hualikana, kila kimoja hupewa uwanja wake, na viwanja hivyo huwa jirani, kisha vyote viwili huanza kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji hawana kiti wala tiketi ya kuwafunga upande mmoja, kwa hiyo huenda wanakovutwa, na anayechoshwa na kikundi kimoja huvuka tu kwenda kwa kingine. Kikundi kinachozungukwa na umati mkubwa zaidi ndicho kilichoshinda. Utaratibu huo hauna mwamuzi wa kati anayejumlisha alama, na hauhitaji tangazo refu la matokeo, kwa sababu matokeo yenyewe yamesimama uwanjani na kila mtu anayaona, akiwamo aliyeshindwa.

Wapinzani katika mashindano hayo hugawanyika katika vyama viwili vikubwa, Wagalu na Wagika, ambavyo masimulizi ya Wasukuma huvihusisha na waganga wawili wa karne ya 19, Gumha, mwanzilishi wa Wagalu, na Ngika, mwanzilishi wa Wagika, walioshindana kuhusu dawa ya nani ilikuwa na nguvu zaidi ya kuvuta watu. Tangu hapo kikundi cha Wagalu hutafuta mpinzani miongoni mwa Wagika, na cha Wagika miongoni mwa Wagalu, na familia nyingi hurithi upande kama zinavyorithi ukoo. Geita, ambayo imekuwa mkoa tangu mwaka 2012, iliupokea utaratibu huu pamoja na watu wake: baada ya serikali ya kikoloni kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma mwaka 1947, ambao pamoja na mambo mengine ulilenga kupunguza msongamano wa watu na mifugo katika maeneo ya kati ya Usukuma, wakulima wengi walisogea magharibi hadi kwenye mapori ya Geita, wakaenda na ng'ombe wao, mbegu zao za pamba na uanachama wao wa ngoma.

Kwa kuwa ushindi hutegemea umati, onyesho lote hujengwa ili kumzuia mtazamaji asiondoke. Manju, yaani kiongozi wa ngoma ambaye ndiye mtunzi na mwimbaji mkuu, hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo kwa tungo zinazosifu, zinazokosoa na zinazomchokoza mpinzani wa uwanja wa pili. Lakini tungo peke yake haitoshi, na kila kikundi huwa na vitu vya kustaajabisha ambavyo hutolewa kwa wakati uliopangwa. Wayeye, chama cha wataalamu wa nyoka, hucheza na chatu mikononi na mabegani, Wanunguli, ambao asili yao ni uwindaji wa nungunungu, huuleta uwindaji wao uwanjani, na vipo vikundi vilivyotumia sanamu za mbao zenye umbo la binadamu ili kuwashangaza watu na kuwavuta. Wachezaji wa bugobogobo, ngoma iliyokua katika vikundi vya kulima kwa zamu na kwa malipo, ambamo vijana walilima kwa mstari huku ngoma ikiwapa mwendo, huchukua jembe lile lile la kazini wakalizungusha na kulirusha hewani kwa mpigo wa ngoma. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuchapisha kitabu kikubwa juu yake mwaka 2010, ameonyesha jinsi nyimbo za shambani na za uwanja wa mashindano zilivyolishana, kiasi kwamba si rahisi kusema kazi imeishia wapi na mchezo umeanzia wapi.

Jembe hilo la hewani ndilo linalolileta swali la anguko katika hali yake kamili. Mchezaji akilirusha juu kisha akalikosa, hakatwi chochote, kwa sababu hakuna aliyeketi mezani akiandika. Linaloweza kutokea baada ya hapo ni la namna nyingi. Umati unaweza kucheka na kuanza kusogea kuelekea uwanja wa pili, na hapo kosa moja likagharimu shindano zima, adhabu kali kuliko yoyote iliyoandikwa katika kanuni za barafuni. Mchezaji anaweza kuinama ndani ya mpigo, akaliokota jembe kwa hatua ambayo inaonekana kuwa ndiyo iliyokusudiwa, na kosa likapita bila kumpunguzia chochote. Manju naye, akiwa hodari, anaweza kulidaka tukio hilo kwa maneno ya papo kwa papo na kuligeuza kuwa kichekesho kinachowavuta hata waliokuwa upande wa pili, na hapo anguko likawa faida. Bei ya kosa haijulikani kabla ya kosa kutendeka, na hupangwa kwa pamoja na aliyekosea, wenzake na waliomtazama.

Umbo la uwanja huongeza jambo jingine. Watazamaji husimama kwa duara, safu nyuma ya safu, kwa hiyo jembe likidondoka upande wa mashariki, aliyesimama magharibi anaweza asilione kabisa, akabaki na picha ya onyesho lisilo na dosari. Katika duara kila mtu huhukumu onyesho aliloliona yeye, na hukumu ya umati ni jumla ya maonyesho mengi yaliyotofautiana kidogo. Ngoma ikipandishwa jukwaani, watazamaji wote wakakaa upande mmoja, anguko lile lile huonekana na kila mtu kwa wakati mmoja, na uzito wake huongezeka ingawa mchezaji hakufanya lolote jipya. Badiliko hili la kutoka duarani kwenda jukwaani halizungumzwi vya kutosha na waandaaji, na kwa mchezaji ni kubwa kuliko badiliko la vazi au la muda wa kucheza.

Kuna pia suala la chanzo cha anguko. Katika mapokeo ya Wagalu na Wagika, dawa ya ngoma ina kazi mbili, kuvuta watu na kukilinda kikundi dhidi ya dawa ya mpinzani, na kwa mantiki hiyo mchezaji aliyejikwaa au mwimbaji aliyepotewa na sauti haonekani moja kwa moja kuwa hakujua kazi yake, kwani huenda amepigwa na nguvu ya upande wa pili. Msomaji wa leo ana uhuru wa kuamini au kutoamini, lakini matokeo ya kijamii ya wazo hilo yanaonekana: lawama haimwangukii kijana mmoja, bali hugawanywa kwa kikundi kizima na kwa mganga wake, na kijana huyo hurudi uwanjani kesho bila doa la uzembe.

Barafuni mambo ni kinyume, na ni vigumu kuyafuata bila kueleza historia kidogo. Afrika Mashariki ina viwanja vya barafu vichache mno, ukiwamo ule wa hoteli ya Panari jijini Nairobi uliofunguliwa mwaka 2005, na kwa wakazi wengi wa Kahama au Katoro mchezo huu ni wa televisheni tu. Shirikisho la kimataifa linalousimamia lilianzishwa mwaka 1892, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kila jaji alitoa alama mbili kati ya sifuri na 6, moja ya ufundi na nyingine ya uwasilishaji, kisha alama hizo zikageuzwa kuwa nafasi za kwanza, pili na tatu. Anguko halikuwa na bei maalumu, kwani jaji alilipima kichwani mwake pamoja na mengine yote, na kwa maana hiyo mfumo wa zamani wa barafuni haukuwa mbali sana na wa Usukumani, isipokuwa umati ulikuwa wa watu tisa.

Uchache huo ndio uliouangusha. Katika michezo ya Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze wa Urusi walitangazwa washindi wa mashindano ya wawili wawili ingawa walikuwa na dosari iliyoonekana, mbele ya Jamie Salé na David Pelletier wa Kanada waliokuwa wamecheza bila kosa. Jaji kutoka Ufaransa akasema alikuwa ameshinikizwa kupiga kura vile, kisha akakanusha, na mwisho Wakanada nao wakapewa dhahabu. Kwa majaji tisa, kura moja iliyoyumba ilitosha kuamua. Shirikisho lilijibu kwa kuuacha mfumo wa 6 na kuidhinisha mwaka 2004 mfumo mpya unaojumlisha pointi, ambao ndio unaotumika hadi leo kwa marekebisho ya mara kwa mara.

Mfumo huo huanza kwa kutenganisha kazi mbili ambazo zamani zilifanywa na mtu mmoja. Jopo la ufundi, ambalo si majaji, hutazama kila tendo na kulitaja jina lake: mruko gani, mizunguko mingapi hewani, mzunguko wa mahali pamoja wa kiwango gani. Kila tendo lina alama ya msingi iliyochapishwa kabla ya msimu, na mchezaji asipokamilisha mizunguko, jopo hurudia picha za video na kulishusha thamani tendo hilo. Ndipo majaji, ambao katika mashindano makubwa huwa tisa, hulipima tendo lile lile kwa ubora wake, kuanzia -5 hadi +5, ambapo kila hatua moja ni sawa na asilimia 10 ya alama ya msingi. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, na wastani wa zilizobaki ndio huingia katika hesabu. Kando ya hayo, majaji hulipima onyesho zima katika vipengele vitatu, ambavyo ni utungaji, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, kwa kipimo kinachoishia 10. Hadi mwaka 2022 vipengele hivyo vilikuwa vitano.

Anguko lenyewe limepewa maana ya kikanuni: ni pale mchezaji anapopoteza udhibiti hadi sehemu kubwa ya uzito wa mwili wake ikabebwa na barafu kwa kiungo kisichokuwa vyuma vya viatu, kama vile mikono, magoti, mgongo au makalio. Kwa hiyo aliyegusa barafu kwa kiganja na kusimama hajaanguka, hata kama umati umeshtuka, na aliyeketi chini kwa sekunde moja ameanguka, hata kama alinyanyuka kwa uzuri uliowapendeza watu. Kwa wachezaji wakubwa wanaocheza mmoja mmoja, anguko la kwanza na la pili hukatwa pointi 1 kila moja, la tatu na la nne pointi 2 kila moja, na la tano na kuendelea pointi 3 kila moja. Hata vazi lina bei yake, kwani ua au unyoya ukidondoka barafuni, pointi 1 huondolewa.

Makato hayo ni sehemu ndogo tu ya gharama. Mruko wa Lutz wa mizunguko minne, mojawapo ya miruko migumu kuliko yote, una alama ya msingi ya 11.50, na mchezaji akianguka katika kuumaliza, majaji kwa kawaida huupa -5, yaani nusu ya thamani yake huondoka na kubaki 5.75, kisha pointi 1 ya anguko ikikatwa anabaki na 4.75. Mruko huo huo kwa mizunguko mitatu, ukichezwa salama bila sifa ya ziada, huleta 5.90. Hesabu hiyo humwambia mchezaji kwamba asiye na hakika ya minne afadhali apige mitatu. Zaidi ya hapo, mwenye anguko hapewi kilele cha alama katika vipengele vya onyesho zima, kwa hoja kwamba onyesho lililokatika haliwezi kuwa kamili.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika misimu michache iliyotangulia mabadiliko ya mwaka 2018, Lutz ya mizunguko minne ilikuwa na msingi wa 13.60, na anguko liliipunguzia 4 za ubora na 1 ya makato, likamwachia mchezaji 8.60, wakati Lutz ya mizunguko mitatu, hata ikichezwa kwa ubora wa juu kabisa uliotambuliwa wakati ule, haikuweza kuvuka 8.10. Aliyeanguka kutoka juu alimshinda aliyetua vizuri kutoka chini kidogo, na matokeo yake ni kwamba mashindano ya wanaume yalijaa maanguko, kwa kuwa kujaribu kulilipa hata kusipofaulu. Hata kabla ya viwango hivyo, katika Olimpiki ya Sochi mwaka 2014, Yuzuru Hanyu wa Japani alikuwa ameanguka mara mbili katika mchezo wake mrefu na bado akatwaa dhahabu kwa jumla ya 280.09 dhidi ya 275.62 za Patrick Chan wa Kanada, ambaye naye alikosea mara kadhaa. Wengi waliotazama walishindwa kuelewa, na hawakuwa na kosa. Walikuwa wakihukumu kwa macho ya duara, na karatasi ilikuwa ikihukumu kwa jedwali. Mwaka 2018 shirikisho lilipunguza thamani za miruko ya mizunguko minne na kupanua kipimo cha ubora kutoka hatua tatu hadi tano kila upande, na bei ya anguko ikapanda mara moja.

Katika badiliko hilo kuna funzo ambalo halihusu barafu peke yake: bei ya kosa haimwadhibu tu aliyekwisha kosea, inaamua pia nani atathubutu mwakani. Ikiwa ndogo mno, onyesho hujaa majaribio yaliyovunjika. Ikiwa kubwa mno, hakuna atakayerusha jembe juu ya kichwa chake.

Mchezo wa barafuni una mfano wa tendo lililozuiwa kabisa. Mwaka 1976 Terry Kubicka wa Marekani alipiga sarakasi ya kujipindua nyuma katika Olimpiki ya Innsbruck, na muda mfupi baadaye tendo hilo likapigwa marufuku. Mwaka 1998, huko Nagano, Surya Bonaly, Mfaransa mweusi aliyekuwa bingwa wa Ulaya mara tano, akiwa hana tena matumaini ya medali, alijipindua nyuma na kutua kwa mguu mmoja, jambo ambalo majaji walilazimika kuliadhibu na ambalo watazamaji walilishangilia kwa nguvu. Alimaliza katika nafasi ya kumi. Kwa dakika hiyo moja alikuwa amechagua hukumu ya umati badala ya hukumu ya meza, chaguo ambalo mchezaji yeyote wa Wagalu au Wagika angelielewa bila maelezo. Januari 2024 Adam Siao Him Fa, Mfaransa mwenye asili ya Morisi, alilirudia tendo hilo katika mashindano ya Ulaya mjini Kaunas, akakatwa pointi 2 na bado akashinda, na mwaka huo huo shirikisho likaondoa marufuku. Ilichukua karibu nusu karne kwa meza kukubali kile ambacho umati ulikwisha kukipokea.

Hata hivyo si haki kuusifu umati kana kwamba hauna upendeleo. Familia zinazorithi Ugalu au Ugika huenda uwanjani na jibu mkononi, na kikundi mgeni kinachocheza kijijini kwa mwenyeji huanza kikiwa nyuma. Kinachousaidia mfumo wa Usukumani ni kwamba wanaoamua hasa ni wale wasiofungwa na upande wowote, wanaovuka kutoka uwanja mmoja kwenda wa pili, na kwamba kila kura ni ya wazi, kwa kuwa mtu hawezi kuhama uwanja bila jirani yake kumwona. Barafuni, baada ya kashfa ya 2002, shirikisho lilichagua njia iliyo kinyume, likaficha majina ya majaji yasiambatane na alama walizotoa, kwa nia ya kuwakinga na shinikizo la vyama vyao vya nyumbani. Siri hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi, ikalaumiwa kwamba inamkinga pia mwenye upendeleo, na mwaka 2016 mkutano mkuu ukaiondoa. Katika jambo hili ngoma ilikuwa na busara kabla ya barafu.

Mashindano ya karatasi yameingia Usukumani kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni shule: michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ina sehemu ya sanaa inayojumuisha ngoma na kwaya, na mtoto wa Kishapu au Chato anayeingia humo hukutana na jaji wa kuandika kabla hajakutana na umati wa kuhama. Ya pili ni matamasha na maonesho yenye jukwaa. Bulabo, tamasha la Juni linalofanyika Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, lililokua sambamba na sikukuu ya Ekaristi na kazi ya padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma mahali hapo katika miaka ya 1950, bado ndipo Wagalu na Wagika hukutana mbele ya watu wengi. Lakini mijini, ambako ngoma hualikwa kwa dakika chache katikati ya hotuba, uwanja wa pili haupo, kwa hiyo mtazamaji hana pa kuhamia na uamuzi hubaki kwa meza.

Miji ya machimbo imeongeza ugumu wake. Tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na kwa sababu ya maelfu ya wachimbaji wadogo wanaofuata miamba ya dhahabu kutoka Nyarugusu hadi Kakola, umati wa Geita, Katoro na Kahama umekuwa wa Waha, Wahaya, Wajita, Wakurya na wengine wengi, pamoja na Wasukuma wenyewe. Mtazamaji asiyejua Kisukuma hawezi kuipima tungo ya manju, hajui ni nani anayechokozwa wala utani umefichwa wapi, kwa hiyo anachobaki nacho ni kinachoonekana kwa macho, yaani chatu, jembe na anguko. Mbele ya umati wa namna hiyo, manju aliyeweza kuliokoa jembe lililodondoka kwa mstari mmoja wa wimbo hana tena msaada wa kutoa, na kosa lililokuwa jepesi kijijini huwa zito mjini.

Kwa hali hiyo majaji wenye karatasi wanahitajika, na hoja inayobaki ni karatasi yenyewe iandikweje. Kwa kawaida karatasi za namna hii hugawa alama kwa uchezaji, uimbaji, vazi, ujumbe na kuzingatia muda, na hazina sehemu inayotaja ugumu wa tendo. Hapo ndipo zinapodhuru, kwa maana mchezaji anayezungusha jembe kiunoni na anayelirusha juu na kuligeuza hewani mara mbili wanaanza wakiwa sawa, na tofauti yao huonekana tu pale huyu wa pili anapolikosa. Mwalimu wa ngoma mwenye akili atawaambia wanafunzi wake wasirushe, na ushauri wake utakuwa sahihi kabisa kwa karatasi hiyo, na baada ya miaka michache bugobogobo ya shule itakuwa gwaride la majembe yaliyoshikwa kwa mikono miwili.

Dawa yake haihitaji video wala jedwali la kurasa nyingi. Kutoka barafuni inatosha kuchukua wazo moja, la kumtenga anayelitaja tendo na anayelipima ubora: wazee wawili au watatu waliokuwa manju au wachezaji mahiri, mmoja wa Wagalu na mmoja wa Wagika wakiwamo, wakae kando ya majaji na kuandika ni tendo gani limejaribiwa na ni gumu kiasi gani, ili aliyejaribu kikubwa alipwe sehemu hata akikosa, na aliyecheza chepesi asipate zaidi ya chepesi. Kutoka Usukumani ibaki kanuni kwamba kosa lihesabiwe pamoja na namna lilivyookolewa, kwa hiyo jaji asiandike makato jembe linapogusa ardhi, asubiri hadi mchezaji arudi kwenye mpigo, kisha apime ni kiasi gani cha onyesho kilichopotea katikati. Na pale uwanja unaporuhusu, kama ilivyo kwa viwanja vingi vya shule kuanzia Kishapu hadi Bukombe, vikundi viwili vya mwisho vichezeshwe kwa wakati mmoja katika miduara miwili, wanafunzi waachwe wahame watakavyo, na sehemu ya alama za fainali itoke kwenye hesabu ya waliobaki katika kila duara. Kazi ya kwanza ya wazee hao ingekuwa kuorodhesha mitindo ya kurusha jembe iliyopo na kuipanga kwa ugumu wake, wakianza na vikundi vya Shinyanga vijijini, ambako bado wapo watu waliorusha majembe hayo shambani kabla ya kuyarusha uwanjani.